Maji ya Rejeta, Njia ya Kwamsisi

Gari langu lilizaliwa Japani na litafia Korogwe. Nililinunua likiwa tayari limetumika miaka kumi na miwili, na sasa limefikia umri wa kuoa. Mlango wa nyuma wa kushoto hufunguka kwa ndani tu. Kioo cha dereva hushuka vizuri, lakini kupanda ni lazima ukisaidie kwa viganja viwili. Shokapu za mbele zimekwisha, na kila ninapovuka tuta abiria hushika dari. Nasema abiria kwa mazoea. Abiria sina. Mke wangu alihamishiwa Dodoma kikazi, akapazoea. Watoto wako Dar es Salaam, nao wamepazoea. Mtu ninayeongea naye mara nyingi zaidi ni fundi wangu, na hata yeye mara nyingi namwona miguu tu, mwili mwingine uko uvunguni.

"Mwalimu, hili gari si bovu," huniambia kutoka huko chini. "Limechoka tu, kama mimi na wewe."

"Wewe umechoka na nini, kutwa umelala?"

Hucheka, halafu hunitajia spea inayotakiwa. Ukitoa mafuta, bima na tairi, sehemu kubwa ya ninachopata kwa kufundisha hubaki pale kwake. Sijawahi kujumlisha. Nimesoma hadi chuo kikuu, na moja ya faida zake ni kujua hesabu ipi usiifanye.

Elimu hiyo haikunisaidia siku fundi alipotoa themostati. Ni kidude kidogo kama kizibo, kazi yake kuzuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto wake. Alikishika kwa vidole viwili akaniambia, "Hii ni ya nchi za baridi, mwalimu. Huku kwetu inazuia maji bure." Nikaona ana hoja. Akaendelea kunifundisha kwamba yale maji ya rangi yanayouzwa dukani ni biashara tu, maji ya bomba yanatosha. Hapo pia nikaona ana hoja, hasa nilipokumbuka bei. Kwa miaka minne nikalinywesha gari maji ya bomba, na bomba likikauka, ya kisima yenye chumvi. Kutu ikajenga ndani ya rejeta polepole, bila kelele.

Hayo yote yangebaki mambo yangu na fundi kama mama asingekubali kuhamia kwangu.

Mama anaishi peke yake Kwamsisi. Mwaka huu aliteleza uani, akakaa chini mpaka jirani alipopita. Kwa miaka mingi nilikuwa nambembeleza aje Korogwe, naye alikuwa na jibu lake: shamba. Baada ya kuteleza akaniambia kwenye simu, "Basi njoo unichukue. Lakini nikikataa tena usinibembeleze." Watu walinisifu kwa kumtunza mama. Niliwaacha wanisifu. Ukweli ni kwamba nyumba yangu ina vyumba vitatu, na jioni nilikuwa nimeanza kujibizana na redio.

Jumamosi asubuhi nikamkuta amekwisha kufunga mizigo: mkoba mmoja, mkeka, mahindi nusu gunia, na jogoo aliyefungwa miguu. Jogoo akaenda kwenye buti pamoja na mahindi, jambo ambalo baadaye alilijutia mwenye mahindi. Mama akakaa mbele, akasema bismillahi, akashika mpini wa mlango kwa mikono yote miwili.

Barabara kutoka Kwamsisi hadi lami ya Mkata ni ya vumbi, ya kwenda taratibu, na gari langu halipendi kwenda taratibu kwenye jua. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikawasha hita, kama fundi alivyonifundisha, ili injini ipunguziwe moto.

"Baba," mama akaniuliza, "kwani kuna baridi?"

"Hapana, mama. Nalipunguzia gari joto."

"Unalitoa kwenye gari unatupa sisi?"

"Ndiyo, mama."

"Ndivyo walivyowafundisha chuo?"

Mvuke ulikuwa umeanza kutoka pembeni mwa boneti. Nikasimama mbele ya nyumba ya kwanza. Barazani alikuwa ameketi mwanamke wa rika langu, anamenya muhogo. Alimwona mama, akainuka, akaja mpaka mlangoni mwa gari kumpa shikamoo. Halafu akanigeukia mimi.

"Naomba maji kidogo, dada."

Akaniletea kikombe.

"Samahani. Si ya kunywa. Ya gari."

Akatazama mvuke, akatazama kikombe, akaingia ndani. Alirudi na dumu zima la lita ishirini, ameinamia upande mmoja kwa uzito. Nilishukuru haraka, kwa namna ya mtu mwenye haraka, nikafungua kifuniko cha rejeta kabla ya wakati. Maji yaliyobaki yaliruka juu yakanikosa uso kidogo. Nikamimina mapya. Yakashuka, yakatoa povu la kutu, na mengi yakapitia kwenye mpira wa rejeta uliopasuka, yakamwagika mchangani. Nikafunga mpira kwa kitambaa, nikamimina tena. Nikaimwagia rejeta hata kwa nje, ipoe upesi.

Nyuma yangu mama na yule mwanamke walikuwa wakiongea Kizigua. Nilisikia mama akiuliza wanateka wapi siku hizi. Lambo la karibu limebaki tope, akajibiwa. Wanakwenda la mbali, wanatoka alfajiri. Mama akauliza anapata madumu mangapi kwa safari.

"Leo nimepata hilo moja," akasema mwanamke, si kwa kulalamika, kama mtu anayetaja saa.

Nilipogeuka dumu lilikuwa tupu mkononi mwangu. Mama alikuwa akitazama mchanga uliolowa chini ya gari, na kuku wa nyumba ile waliokwisha kufika kunywa.

Tukaaga. Mwanamke akatuombea safari njema. Niliwasha gari, likawaka, mshale ukakaa pale unapotakiwa kukaa. Mama hakushika mpini.

"Mpaka Korogwe nyumba ni ngapi njiani?" akaniuliza.

"Sijui, mama. Nyingi."

"Na zote utaziomba maji?"

"Likishafika lami halitasumbua."

"Nirudishe nyumbani."

Nikamwambia Korogwe maji yapo, mto unapita pale pale mjini, bomba liko ndani ya nyumba, hatainama tena kuteka. "Sijabisha, baba," akasema. "Yapo huko." Nikaanza kubembeleza, nikakumbuka alivyoniambia kwenye simu, nikageuza gari. Huenda alikuwa akitafuta sababu tangu alipofunga mkoba, na mimi nikamletea moja inayotoa mvuke.

Kwamsisi alishuka mwenyewe. Akamfungua jogoo miguu, akakunjua mkeka mahali pake. Kisha akaenda kwenye tangi linalokinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, akaligonga kwa vidole kutoka juu kwenda chini mpaka likabadili sauti. Halikuwa limejaa. Akateka madumu mawili.

"Mpelekee yule mama."

"Haya ni ya kwako, mama. Na ni mawili."

"Moja la kurudisha, moja la aibu. Endesha taratibu yasimwagike."

Niliondoka alasiri, madumu yamekaa pale alipokuwa jogoo na mahindi yake. Mwanamke alikuwa bado barazani, muhogo umekwisha kuiva. Alishangaa kuyaona yale maji, akakataa, nikakataa kukataliwa, tukayaingiza ndani pamoja.

"Mama yuko wapi?" akauliza.

"Amebaki."

"Si alikuwa amefunga mizigo?"

"Ameifungua."

Alinitazama kidogo, akasogeza kigoda. "Kaa basi ule muhogo, kaka. Au unawahi?"

Mbele yangu kulikuwa na Mkata, Segera, Korogwe, na vyumba vitatu. Mshale wa joto ulikuwa chini kabisa. Gari halijapata kuwa zima vile mwaka mzima. Nikamwambia siwahi, lazima injini ipoe kwanza, nikaketi.