Uzi wa kijani ndani ya distribyuta

Saa tatu asubuhi, gari jeupe la miaka ya sitini linanguruma uani mwa gereji bila kasoro yoyote, na hilo ndilo linalomuudhi Fundi Cheche. Anaingiza mkono chini ya boneti na kuongeza mafuta kidogo kwa kidole. Injini inapanda, inakohoa mara moja, inazima.

"Umeona?" anasema. "Ukiliacha hivi hivi ni zima. Ukilitia mafuta tu, linakufa. Siku ya tatu leo linanichezea shere."

Mwandishi wa makala haya alikuja kwa jambo jepesi. Alitaka kumwandika fundi wa miaka sitini na mmoja anayerekebisha platini kwa jicho na kipande cha karatasi, wakati wenzake wanachomeka kompyuta. Zamani Cheche alipokea magari ya namna hii matatu kwa siku. Sasa anapata matatu kwa mwezi, na mawili kati ya hayo huja yakivutwa kwa kamba. Yaliyotokea kabla ya saa tano hakuna aliyeyategemea.

Gari ni la mkunga mstaafu, ambaye amekaa kwenye kiti cha mbao, mkoba magotini, macho kwa fundi. Limelala chini ya turubai miaka kumi na mmoja. Mumewe alilisusa siku lilipomzimikia katikati ya reli, treni ikionekana kwa mbali. Wapita njia walilisukuma, akaponea chupuchupu.

"Alirudi nyumbani kwa miguu," anasema mkunga. "Funguo akazitupa kabatini. Hakuligusa tena mpaka tunamzika."

Lawama zote zilimwangukia mtu mmoja. Wiki mbili kabla ya tukio hilo, platini mpya zilikuwa zimefungwa na mdogo wake Cheche, ambaye ndiye aliyefungua naye gereji hii. Cheche hakuuliza mara mbili.

"Nilimfukuza hapa hapa, mbele ya wateja," anasema huku akifungua skrubu. "Nilimwambia mikono yake itaua watu. Akaacha spana zake mezani, akaondoka. Hatujasemeshana mpaka leo, na sijajuta. Mtu nusura afe, bwana!"

Anasema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na kazi inaendelea.

Koili ameshabadilisha, kondensa vilevile, na plagi zote nne ni mpya. Platini, anaeleza, ni vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Kila vikiachana, plagi inapata moto. Umeme ukikatika hata kwa kufumba na kufumbua, injini imekwisha.

Umebaki waya mdogo ndani ya distribyuta, kile kikombe kinachogawa umeme kwa plagi. Ni mrefu kama kidole, unaopeleka umeme kwenye platini. Anaupima kwa taa. Taa inawaka. Kisha anaweka mdomoni mpira mwembamba unaochomoza ubavuni mwa distribyuta na kuunyonya, ili sahani ya ndani izunguke kama inavyozunguka injini inapopanda.

Taa inazimika.

"Haa! Nimekukamata!" anapiga kelele, na mkunga anashtuka mpaka mkoba unaanguka.

Distribyuta inahamia mezani. Waya ule unatakiwa uwe laini, kwa sababu sahani inauvuta na kuulegeza kutwa nzima. Huu ni mgumu. Ganda lake ni zima, lakini ndani umekatika.

"Huu ni waya wa redio," anafoka Cheche. "Mshenzi gani kaweka kitu hiki?"

Anachuna ganda kwa wembe mpaka kwenye kiungo. Halafu anaacha kufoka. Chini ya lehemu umezungushwa uzi wa kijani, duru tano zilizobanana vizuri.

Ukutani, juu ya meza hiyo hiyo, kibonge cha uzi wa kijani kinaning'inia kwenye msumari. Kimekuwa hapo tangu asubuhi. Cheche hufunga kila kiungo kwa uzi wa cherehani ya mkewe kabla ya kuchoma lehemu. Hakuna fundi mwingine anayefanya hivyo, hata mdogo wake hakuwahi.

Anakaa sakafuni.

"Ni mimi," anasema.

"Wewe nini, fundi?" anauliza mkunga.

"Mimi ndiye niliyeuweka, mama. Waya wake ulikuwa umekatika, na madukani hakuna. Nikakata wa redio mbovu, nikasema ni wa wiki moja tu. Nikasahau. Mwezi mmoja baadaye likazimika relini."

Mkunga ameziba mdomo kwa kiganja. "Mume wangu amekufa akimlaani yule kijana," anasema taratibu. "Na mimi nilikuwa naitikia."

Namba ya simu ya mdogo mtu anayo mke wa Cheche, anayeshona nguo mlango wa pili. Anakiri kwamba miaka yote hii hajaacha kuzungumza na shemeji yake, ambaye siku hizi anapima magunia kwenye kinu cha unga. Cheche anamwomba mkewe ampigie.

Simu inawekwa mezani, sauti ikiwa wazi, maana mikono yake imejaa grisi.

"Nimepata ugonjwa wa lile gari jeupe," anasema bila hata salamu.

Kinu kinasikika kikisaga. "Lilikuwa na nini, kaka?"

"Waya mdogo. Ndani ya distribyuta. Niliuweka mimi."



"Siku ile nafunga platini nilitaka kuufungua," inasema sauti. "Ukaniambia nisiguse, umeshaufanya mwenyewe."

Cheche anajifunika macho kwa mkono. Hilo nalo alikuwa amelisahau. "Nisamehe, mdogo wangu. Nimekukosea sana."

Kinu kinasaga. Mkunga analia bila kujificha.

"Umeshaweka mwingine?" inauliza sauti.

"Bado. Ndiyo nataka kuanza."

"Usiguse. Jumamosi sina kazi. Usiguse mpaka nije."

Leo ni Jumanne. Mkunga anasema gari limengoja miaka kumi na mmoja, siku nne hazitamuua mtu.

Cheche anainama na kuvuta boksi la bati kutoka chini ya meza. Ndani kuna spana za mdogo wake, zote, zimeshika kutu. Anamimina petroli kwenye kopo na kuanza kuzisugua moja moja.

"Nataka arudi kazini hapa, kama atakubali," anasema. "Lakini Jumamosi sitamwambia lolote. Nitamshikia taa tu."