Waliiziba Saksafoni Yangu

Nilipuliza, haikutoa hata sauti ya mbuzi mgonjwa. Nikapuliza tena mpaka kifua, ambacho ndiyo kwanza kilikuwa kimepona, kikaniuma. Nikaigeuza saksafoni kwenye mwanga wa mlangoni nikaona: kila tundu limezibwa kwa risasi ya kulehemu, likasuguliwa kwa msasa likang'aa. Vifuniko vyote vya ngozi vimeng'olewa. Nikakaa chini palepale, kwenye sakafu ya stoo ya kanisa.

Shule niliishia darasa la nne, lakini kwa jazi ya zile bendi kubwa za zamani hakuna wa kunifundisha hapa Malindi yetu ya milimani, siyo ile ya pwani. Mwalimu wa useremala, mgeni aliyeishi kwetu miaka mingi, alipoondoka aliniachia saksafoni hiyo na kanda zake. Nilizisikiliza nikipalilia kabeji mpaka nikaweza kumtambua mpigaji kwa pumzi yake tu. Saksafoni tano hukaa safu ya mbele, zinavuta pumzi pamoja kama watu watano wanaoinua gogo moja. Kisha mmoja anasimama. Wenzake wanashusha sauti, wanamtandikia, naye anaanza kusimulia. Mpigaji mzuri hana haraka. Unasikia hewa kwanza, sauti baadaye, kama mtu anayekuambia jambo zito karibu na sikio. Anayerundika noti ili ashangiliwe, huyo ananadi nyanya.

Katika kikundi cha matarumbeta cha usharika wetu mwenye saksafoni nilikuwa mimi peke yangu. Asubuhi ya Pasaka tunapopiga makaburini, watu walikuwa wananivuta mkono: "Njoo upige na pale kwa mama."

Ndipo kifua kikuu kikaniangusha. Nilikaa hospitali miezi, huku nyuma wakanizika kwa maneno. Niliporudi nikaenda stoo, nikakuta hayo niliyoyasema. Nikamfuata mwenyekiti wa matarumbeta nyumbani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ee, mghoshi, mwanamume wee, kumbe umefufuka! Sisi tulishakuchagulia wimbo wa maziko."

"Saksafoni yangu mmeifanya nini?"

"Tumekutengenezea. Vijana walipuliza, upepo ukatokea kila mahali. Matundu zaidi ya ishirini! Tarumbeta gani ile? Tukaipeleka Magoma kwa fundi wa ndoo."

Nikateremka Magoma. Fundi alinipokea kwa fahari.

"Mimina maji, baba. Haitoi hata tone!"

Huyo simlaumu sana, ndoo ndiyo kazi yake. Mwenye kosa ni mwenyekiti, aliyekaa kando yangu miaka yote akiniona nafungua na kufunga matundu yale kwa vidole. Mwingine ni mzee wa kanisa mwenye ufunguo wa stoo, aliyeitoa bila kumuuliza mke wangu, na nyumba yetu iko ng'ambo ya barabara tu.

Wananiambia nishukuru uzima. Uzima namshukuru Mungu, wao sina cha kuwashukuru. Daktari amenipima, amesema pumzi ipo ya kutosha, na mimi mwenyewe naijua. Kilichokosekana ni chombo.

Mchungaji nimeshamwambia kwa mdomo, sasa naandika. Nataka hao wawili wasimame mbele ya usharika, Jumapili, watu wakiwa wamejaa, wajibu: nani aliwaambia nimekufa, na vifuniko vyangu vya ngozi viko wapi?