Siku Amplifaya Yangu Ilipotangaza Kifo

Wacha niwaambie mwenyewe, kwa sababu nisipowaambia mtasikia kwa watu na watu huwa wanaongeza chumvi: mimi ndiye yule jamaa wa Section 58, hapa Nakuru, aliyefanya watu waalikwe waje wasikie babake akipiga gitaa, wakaja wakiwa wamevaa vizuri, halafu wakasikilizishwa matangazo ya vifo. Ndiyo, ni mimi. Mpaka leo nikipita pale kwa watu wa boda kuna wawili watatu wananiita Matangazo, na mimi naitika, nitafanya nini, jina halikataliwi.

Baba yangu, Mzee Wafula, alifanya kazi reli mpaka akastaafu, lakini ukimuuliza yeye ni nani hakuwa anakuambia reli, alikuwa anakuambia gitaa. Ijumaa na Jumamosi za ujana wake alizimalizia kwa baa na harusi za huku kwetu, Nakuru, Njoro, Rongai, popote palipokuwa na stima na watu wa kucheza, na gitaa lake jekundu bado alikuwa nalo, rangi imetoka pale mkono ulikuwa unapita. Halafu uzee ukaja, figo zikaanza kusumbua, na kila akirudi kutoka kliniki ulikuwa unaona amepungua kidogo, kama kipande cha sabuni. Vidole tu ndivyo vilikuwa bado vyake. Alikuwa anakaa kwa kiti pale mlangoni kwangu (alikuwa amehamia kwetu tangu aanze kuumwa) anapiga gitaa bila kulichomeka popote, sauti ndogo kama ya mbu, na nikimwambia tumtafutie spika anakunja uso.

"Hizi za siku hizi zina sauti ya bati," alikuwa anasema. "Yetu ilikuwa na valvu, zile taa ndogo za kioo. Ilikuwa inawaka ndani kama jiko la makaa, na sauti inatoka ikiwa imeiva."

Sasa mimi nikasikia hilo neno "imeiva" likaniingia. Mimi nina duka la agrovet kule Rongai, nauza dawa ya kupe na mbegu na chumvi ya ng'ombe, stima naijua kwa kuwasha na kuzima tu, lakini mteja akikosekana mtu hushika simu, na kwa simu ndiyo nikagundua kumbe kuna watu ng'ambo wanauza amplifaya ya valvu ikiwa vipande vipande, inaitwa kit, unaletewa kwa boksi unajiungia mwenyewe. Nikaagiza. Nilipomwambia mke wangu Rose kwamba kit ya Baba iko njiani, alifurahi sana, akaanza kusogeza viti pale sebuleni kuitafutia nafasi, kumbe yeye alikuwa amesikia kiti. Alipoona nafungua boksi linatoka nyaya na vitu vidogo vya rangi rangi kama maharagwe, akasema, "Mimi nilidhani unamnunulia mzee kiti cha kuegemea." Na kusema ukweli, kiti ingekuwa afadhali.

Nilijifunza kulehemu kwa video. Maungio yangu ya kwanza yalikaa kama uji uliomwagika, nikachoma kitambaa cha meza ambacho Rose alishonewa na mamake, nikaungua kidole, nikaungua kingine, lakini kila Jumapili tukitoka kanisani nilikuwa narudi kwa hiyo meza, na Baba anasogeza kiti karibu anatazama tu, anafurahia harufu (alisema inanukia kama chumba cha bendi). Yale maelezo yaliyokuja na boksi yalisema pima hapa kwanza, halafu pale, halafu pale, usiruke hatua. Nikapima hapa. Pale nikaona ni kama hapa.

Jumapili moja nikaweka zile valvu mahali pake, nikachomeka kwa ukuta, na jameni, zikaanza kuwaka. Polepole, rangi ya machungwa, kama mtu anayefungua macho. Baba alishika mkono wangu. Mimi kwa ile furaha nikapiga picha, nikatuma kwa grupu ya familia, nikaandika, "Ya Baba iko tayari!" Sikuwa nimechomeka gitaa. Sikuwa nimesikia hata sauti ya nzi ikitoka kwa hiyo kitu. Niliona mwanga nikadhani nimesikia muziki, na hapo ndipo mambo yote yalianzia.

Kwa sababu kwa hiyo grupu yumo Auntie Nasimiyu, dadake Baba anayekaa Njoro, na Auntie Nasimiyu huwezi kumwambia kitu kidogo kikabaki kidogo. Alijibu "Bwana asifiwe", halafu akaandika kwamba Jumamosi tukutane kwa Wekesa, ndiyo mimi, tumsikie kaka yetu angali hai, halafu akaita watu wa kanisa lake, na mzee Otieno aliyekuwa anapiga besi kwa bendi ya Baba, na mchungaji, na kabla ya jioni kulikuwa na mtu anaulizia tenti. Baba akamwambia Rose amtafutie ile koti ya kijivu.

Shemeji yangu Barasa, aliyemuoa dadangu, ndiye hushughulika na vyombo vya sauti kanisani kwao. Alinipigia simu katikati ya wiki.

"Shemeji, nije na spika ya kanisa? Tunaiweka tu hapo kando. Yako ikikataa, tunahamia."

"Ile ya bati?" nikamuuliza, nikicheka. "Wacha, shemeji. Usimharibie mzee siku."

Maneno yangu hayo.

Jumamosi jua lilikuwa kali, watu wamejaa kwa ile tenti mpaka wengine wamekaa kwa matofali, chapati zinapita, na Baba yuko mbele na koti yake, amenyolewa vizuri, gitaa mapajani. Alikuwa na nguvu siku hiyo. Nataka mjue hilo. Alisalimia kila mtu kwa jina. Wakati mimi nilikuwa bado nahangaika na ekstensheni, alianza kuzigusa nyuzi polepole, anazikaza, na wale waliokuwa karibu wakaacha kutafuna ili wasikie, na mzee Otieno akafunga macho.

Baba akaniita. "Wekesa, hata hivi inatosha. Wacha niwapigie moja."

"Ngoja kidogo, Baba," nikamwambia. "Dakika mbili tu."

Nikamchomekea. Nikawasha. Valvu zikawaka, watu wakasema aaah, wengine wakatoa simu. Kwanza ukatoka mngurumo, kama lori la mahindi limesimama nje na injini haijazimwa. Nikasema ni kawaida, inapata moto. Halafu ndani ya ule mngurumo ikaanza kutoka nyimbo ya huzuni, ile ya kinanda, na juu yake sauti ya mwanaume, nzito, hana haraka:

"... tunasikitika kutangaza kifo cha mzee wetu mpendwa, kilichotokea baada ya kuugua kwa muda mrefu ..."

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba kulikuwa na ungio moja ambalo sikulilehemu likashika, kwa hivyo ule waya wa gitaa ulikuwa unanasa redio kama eriali. Lakini saa hiyo nani anajua mambo ya eriali? Mchungaji alisimama. Auntie Nasimiyu akapiga kelele, "Shindwa! Shindwa kabisa!" akiielekezea ile amplifaya kidole. Ile sauti ikaendelea tu, baba ya fulani, kaka ya fulani, na mimi nikarukia kitufe cha sauti nikapunguza, ila kwa ule wasiwasi nikazungusha upande wa kuongeza, na sasa Section 58 yote ikaambiwa kwamba marafiki na jamaa wanakutana nyumbani kwa marehemu kwa mipango ya mazishi.

Mama Chebet, jirani yetu wa nyuma, akasikia hayo akiwa kwake anafua, na akijua Baba anaumwa, akaunganisha mambo. Alikuja mbio na mikono yake ya povu, analia kwa sauti, "Uuui, mzee wetu! Mzee wetu ametuacha!" na nyuma yake watu wengine wawili watatu kutoka kwa barabara, akapita katikati ya tenti mpaka mbele, akamkuta marehemu amekaa na gitaa.

Baba akamwangalia. "Bado, Mama Chebet," akamwambia. "Karibu chai."

Watu walicheka. Aki walicheka mpaka wengine wakashikilia nguzo za tenti, na Baba mwenyewe alicheka mabega yakitingika, lakini nilimwona Auntie Nasimiyu amegeuka upande wa ukuta anajipangusa macho na leso, na dadangu ameinama. Halafu amplifaya ikatoa mlio mkali kama nguruwe anachinjwa (hiyo nayo ni nyaya mbili nilizogeuza), ikatoa moshi mweupe, ikasema pwa, na stima ikapotea kwa ploti nzima, kwetu na kwa majirani.

Sasa hapo ndipo ningeweza kukubali aibu yangu nikakaa chini nikala chapati kama watu wengine. Ingekuwa ni kichekesho tu, mngecheka na mimi ningecheka. Lakini aibu ikinishika huwa inanifanya mshupavu. Nilipiga magoti pale mbele ya wote, nikaigeuza ile kitu juu chini, nikatoa bisibisi.

Barasa akaja akainama sikioni. "Shemeji, iache. Mzee apige tu hivyo hivyo. Tutanyamaza, tutasikia."

"Nipe nafasi," nikamwambia.

Na Baba naye: "Kijana wangu, kuja ukae. Si wamenizunguka hapa? Wananisikia."

"Ngoja, Baba. Nimeona shida iko wapi."

Sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa naangalia tu maharagwe ya rangi rangi, macho yamejaa jasho, nafungua hapa nafunga pale ili nionekane nafanya kitu. Na Baba akangoja. Alikuwa ni mtu wa kungojea mtoto wake. Alikaa na gitaa mapajani, hakulipiga tena, nafikiri aliona akianza kupiga bila ile amplifaya itakuwa ni kama kuniaibisha zaidi mbele ya watu, na mimi ninajua hivyo sasa, lakini saa hiyo nilikuwa nimewapa mgongo wote. Watu wakala. Wakaongea mambo ya mvua na bei ya mbolea. Mchungaji akaomba ruhusa, ana ibada ya ndoa mahali. Wale wa Njoro wakaanza kuulizana nani anarudi na nani. Vumbi likainuka, tenti ikapigapiga.

Barasa hakuniuliza tena, alienda tu akaleta ile spika ya kanisa kwa pikipiki, na fundi wa ploti akarudisha stima. Tulipogeuka kumwambia Baba kwamba sasa iko tayari, alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea bega, kinywa wazi kidogo, mkono wake wa kulia umelalia nyuzi.

Rose alisema tumwache. Mimi nikamwamsha. Alishtuka, akatabasamu, akaweka vidole, akajaribu kufinya nyuzi za kuanzia wimbo, na sauti ikatoka kwa spika ya bati ikiwa imekufa nusu. Akajaribu tena. Mzee Otieno akaangalia chini.

"Leo vidole vimechoka," Baba akasema. "Tutapiga siku ingine."

Rose akalitoa gitaa mapajani mwake taratibu, vile unatoa mtoto aliyelala.

Hiyo siku ingine haikuja. Wiki iliyofuata alilazwa, akatoka, akalazwa tena, na vidole vikavimba, na mvua ndefu zilipoanza alikuwa ameenda. Hatukuweka tangazo redioni. Watu walipelekewa habari kwa simu na kwa mdomo, na katika mikutano yote ile ya kupanga mazishi hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza mbona. Siku ya kumzika, mzee Otieno alisimama kumkumbuka rafiki yake na akaisimulia ile hadithi, na alipofika pale kwa "Bado, Mama Chebet, karibu chai" watu wote walicheka, kaburini, Mama Chebet mwenyewe akiongoza, na mimi nikacheka nao, halafu nikaenda nyuma ya tangi la maji nikakaa huko mpaka Barasa alipokuja kunitafuta.

Amplifaya niliitengeneza. Ilinichukua miezi, nikifuata yale maelezo hatua kwa hatua bila kuruka, nikalehemu upya, nikageuza zile nyaya mbili, nikabadilisha kilichoungua. Iko pale sebuleni. Ukiiwasha haina mngurumo, haina redio, imenyamaza kabisa, inawaka tu. Gitaa liko kando yake na mimi sijui kupiga gitaa.

Kwa hivyo nimeapa, na mnishikilie kwa hilo: mtu akitaka kunipa kitu kwa mikono yake, nitakipokea vile kilivyo. Juzi Auntie Nasimiyu alikuja, na katikati ya mazungumzo akasema anataka kuniimbia wimbo waliokuwa wanaimba yeye na Baba wakichunga ng'ombe. Rose alikuwa anasonga ugali, nje gari la kuuza maji linapiga honi, simu yangu inalia. Nilizima simu nikakaa chini sakafuni. Sauti yake ilikuwa inakwaruza, ubeti wa pili aliusahau akarudia wa kwanza, akaurudia tena. Niliusikiliza wimbo wote.