Nilivyotoboa bustani ya mvua kwa jembe langu mwenyewe, Kimulot

Wakuu, habari za wikendi. Hii sijasimuliwa na mtu. Ni yangu, na aibu yake pia ni yangu.

Hapa center ya Kimulot tuna paki ndogo ya kupumzikia, juu kidogo ya maduka. Mvua ikinyesha, maji yote hushuka hadi kwa Mama Njeri, anayeuza vitambaa na uniform za shule.

Kamati ya soko ilitaka kumwaga zege. Madam Chelangat, mwalimu wa hapa, akaomba tujaribu kwanza rain garden. Yaani unachimba beseni pana lisilo na kina, unapanda mimea ya kienyeji inayopendwa na nyuki, halafu maji yanasimama humo siku moja hivi udongo ukiyanywa.

Kamati ikakubali kwa sharti: duka la Mama Njeri likiingia maji tena, mimea inang'olewa, zege inamwagwa.

Nikajitolea. Wakuu, nilifurahia hiyo kazi vibaya sana! Jumamosi tatu, watu kumi na wawili, chai ya maziwa kwa thermos. Tulipanda senetwet, ule wa maua ya manjano ambao makaa yake tunasugulia vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Shambani kwangu sijawahi kuchimba na raha hiyo.

Sasa sikieni ujinga wangu.

Mvua ya kwanza ilikuja saa tisa mchana. Nikakimbia kuangalia. Beseni limejaa, maji yametulia tuli.

Mimi nimekulia kwenye mashamba ya chai, na huko maji yakisimama mizizi inaoza. Nikaona miche yetu inakufa. Mikono ikatangulia kichwa: nikachukua jembe, nikakata mtaro kwenye ukingo wa chini.

Ukingo wa chini unaelekea wapi? Kwa Mama Njeri.

Nilimkuta kwenye maji, amekumbatia bunda la uniform. Akaniuliza:

"Baba Chebet, si mlisema hiyo shimo itakunywa maji? Sasa imekunywa na duka yangu."

Hakuna aliyeniona nikikata. Ningesema ukingo umebomoka tu. Lakini roho ilikataa, nikamwambia ukweli, kisha nikaenda kuiambia kamati pia. Nikaomba mvua moja zaidi. Wakasema Mama Njeri ndiye ataamua.

Akanionyesha stuli yake. "Moja. Na ikinyesha utakaa hapa kwa duka, nikikuona."

Tukaziba mtaro. Siku nne baadaye ikanyesha ile ya kutisha. Nilikaa kwenye stuli yake nimekalia mikono, kila kiungo kikiniambia nenda kakate. Saa nzima, wakuu.

Sakafu ikabaki kavu! Nilitaka kuruka.

Kesho yake asubuhi beseni halikuwa na tone. Siku hizi senetwet zimechanua, na wale nyuki weusi wakubwa wanavuma hadi unawasikia ukiwa barabarani.

Nilichojifunza: kazi unayoijua sana ndiyo itakufanya usiulize. Mimi ningemuuliza tu madam Chelangat kabla ya kushika jembe.

Hebu nanyi semeni, ujuzi wako umewahi kukuponza wapi? Msinicheke peke yangu.

Na kama mnauliza kuhusu zege, kamati bado walikuja kupima pa kuimwaga, wakihofia mvua zijazo. Mama Njeri akatoka dukani, akasimama kati yao na maua.

"Hiyo zege pelekeni kwingine. Hii bustani ni yangu."