Kuku wa Mtihani

Watu huniuliza kwa nini kozi ya upishi ya miaka miwili ilinichukua mitatu. Wengine hudhani nilipata mimba. Huwajibu kwamba niliponzwa na kuku, nao hucheka wakifikiri natania.

Basari ya wadi ilinilipia karo, na nyumbani Kinna wakaimba wakisema shida zimeisha. Hakuna aliyejua kwamba mwanafunzi wa upishi hujiletea vitu vyake vya mtihani. Mwalimu alitangaza kila mmoja aje na kuku mzima, na asiye naye atarudia mwaka. Wenzangu wakapanga kununua wa dukani, waliokwisha kunyonyolewa. Mama alinitumia kuku wake wa mwisho, yuko hai, ndani ya katoni yenye matundu. Nikamfunga mguu kwenye kitanda cha chumba nilichopanga mjini Isiolo, nikawa namsomea noti za jinsi ya kumkata vipande vinane. Alisikiliza vizuri kuliko wengi darasani.

Siku moja kabla ya mtihani, asubuhi, mjomba wangu na mkewe walipiga hodi. Walikuwa wamekuja hospitali, mkewe aangaliwe macho. Huko nyumbani kila mwenye safari ya mjini alikuwa akiambiwa, "Mtoto wetu ana nyumba Isiolo." Nyumba yenyewe ilikuwa kitanda, jiko na pazia.

Mjomba alimwona kuku kabla hajaniona mimi.

"Umejisumbua sana, mwanangu," akasema. "Sisi si wageni."

"Mjomba, hii kuku ni ya..."

"Najua ni yetu. Lakini si lazima uchinje. Chai inatosha."

Nimelelewa vizuri, na hilo ndilo lililonimaliza. Kwetu humwambii mgeni kwamba kuku anayemtazama si wake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hii ilikuwa ya kwanza. Nikajifariji kwamba amesema si lazima, nikawapa chai, nikaenda darasani.

Jioni harufu ilinipokea langoni. Nikatamani kukaa pale pale chini nilie.

"Tumeona masomo imekubana hata hupati nafasi ya kuchinja," mke wa mjomba akasema kwa furaha. "Tukakusaidia."

Nilitaka kupiga kelele. Lakini mjomba alikuwa amenifunikia kisahani, na ndani yake mlikuwa na firigisi. Kwetu firigisi ni ya baba. Sisi wasichana tuliijua kwa harufu tu.

"Nyumba ni yako," mjomba akasema. "Mwenye nyumba ndiye anakula hii."

Nikaitafuna machozi yakinitoka, nikiona aibu kwamba ni tamu hivyo. Mjomba alidhani ni pilipili. Akaniuliza huo mtihani wangu ni lini.

"Kesho, mjomba."

"Basi kula, mwanangu. Upate nguvu."