Mtu Mzima Akikimbia Garissa

Mwezi jana nilipita mbio kando ya soko la mifugo, tumbo likinitangulia. Nilikuwa najizoeza nusu marathoni ya kuchangisha mabati ya zahanati yetu iliyoezuliwa na upepo. Kugeuka nyuma, nikaona wanaume kumi wenye fimbo wananifuata mbio.

"Warya! We bwana! Wezi wamechukua ngamia ngapi?"

"Hakuna ngamia!"

"Nani amekufa?"

"Hakuna!"

Wakasimama. Mzee mwenye ndevu za hina akashika kiuno, akihema. "Sasa wewe mtu mzima unakimbia nini?"

Nikamweleza habari ya bati. Akalitazama tumbo langu, kisha barabara. "Zahanati iko huku. Wewe unakimbia kwenda kule."

Hata hivyo aliahidi mbuzi wawili wa kuuzwa, kwa sharti moja: siku ya mbio nipige kelele kwamba hakuna kitu, watu wasiache mifugo yao kuja kuniokoa.

Jumamosi ya mbio nikatimiza, kilomita ishirini na moja: "Hakuna kitu! Hakuna kitu!" Nilifika wa mwisho, sauti imekauka, na nyuma yangu nusu ya soko na fimbo zao, mzee akiwa mbele.

"Si nilisema hakuna kitu?"

"Wallahi, ungesema mara moja tungeamini. Umesema njia nzima!"

Walicheka hadi wakaketi chini, kisha wakachanga mbuzi wa kutosha paa lote.

Mwaka mzima tuliandika barua za kuomba bati, na hakuna ofisa aliyeinuka kitini. Kumbe kosa letu lilikuwa kuandika. Tungepita mbio dirishani kwake.