Ufa Nilioukwangua kwa Wembe

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa niweke wingu juu ya kichwa cha bwana harusi. Mpaka siku ile nilikuwa nimeshika picha mkononi mara mbili tu maishani, na sikujua kuwa mawingu ni kitu cha kuwekwa na binadamu. Nilidhani natiwa majaribuni. Kumbe wapi! Mwenye Studio alikuwa amesimama nyuma yangu, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, ananingoja.

"Anzia kushoto," akasema. "Mbingu tupu ni aibu ya mpiga picha."

Hapo ni Bagamoyo, vita vya pili vya Wazungu vimekwisha si zamani. Nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa mama, na tulikuwa tukishona kofia za viua, zile zenye vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Mke wa Mwenye Studio alikuja kununua kofia ya zawadi. Akaigeuza ndani nje akitafuta fundo, asilione. Akamwambia mama, "Mkono huu naupata wapi?" Mama akanionyesha kwa kidevu, kisha akauliza swali moja tu: kazi yenyewe iko mbele kwa wanaume au nyuma? Akajibiwa ni nyuma, chumba cha giza, naye mke wa Mwenye Studio yupo mchana kutwa. Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya picha, na sikutoka mpaka macho yaliponikatalia.

Mwenye Studio alikuwa Mgoa aliyezaliwa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu nitamlalamikia sana huko mbele, na mtu asije akadhani alikuwa mkorofi. Ubaya wake ulikuwa mmoja: hakuweza kukiacha kitu kama kilivyo.

Nyinyi vijana mnadhani kuitia picha chumvi ni jambo la leo. Sisi tulikuwa tukifanya kwa wembe, penseli na jua. Wakati huo picha ilinaswa kwenye kioo kilichopakwa dawa. Kioo kikishasafishwa, kila kitu huonekana kinyume: kanzu nyeupe ni nyeusi, ndevu nyeusi ni nyeupe. Unakiweka kioo juu ya karatasi ya picha, unafungua kidirisha cha chumba cha giza, unahesabu polepole jua likipenya, kisha unafunga. Ukitaka mahali pawe peusi zaidi, unaziba kwingine kote kwa kadibodi na kupaacha pale paendelee kuungua. Tuliita kuchoma. Ukitaka pabaki peupe, unapakinga kwa kidole au kwa kipande cha karatasi kwenye waya. Penseli juu ya kioo hufanya mahali pawe peupe kwenye karatasi. Wembe hufanya kinyume chake: ukikwangua dawa kwenye kioo, mwanga unapita wote, na mstari unatoka mweusi tii. Ilinichukua miezi kuzoea kuwa penseli inafuta na wembe unachora.

Na lile wingu! Lilikuwa wingu moja. Mwenye Studio alilipiga Msata wakati wa masika, akalihifadhi kwenye kisanduku kilichotandikwa flaneli, akalitumia kwa watu wote wa wilaya. Bwana harusi alilipata. Mwalimu wa madrasa alilipata. Timu ya mpira ililipata, ingawa walicheza kiangazi jua likiwachoma visogo. Mkulima mmoja wa Makurunge alipigwa picha mbele ya mihogo yake iliyokauka. Alipoionyesha kwa jamaa zake wakamuuliza mvua ile imenyesha lini, na mbona hakusema. Alirudi studio amekasirika, akarudishwa nyumbani na picha nyingine, yenye wingu lile lile lililogeuzwa upande wa pili. Mimi ndiye niliyeligeuza.

Kwa muda nilipelekwa Dar es Salaam, kwenye studio ya shemeji yake. Nilikaa kwa shangazi Kariakoo. Msimamizi wa kule hakuwa na haja na mawingu, yeye alitaka nyuso. "Toa mikunjo," ndiyo ilikuwa salamu yake ya asubuhi. Nilimtolea mikunjo ajuza mmoja kwa penseli mpaka mjukuu wake alipokuja kuichukua picha akauliza, "Huyu nani?" Msimamizi akamwambia ni bibi yake siku akiwa amepumzika vizuri. Mama alipougua nikaomba kurudi Bagamoyo, na nikalikuta wingu langu linaningoja.

Sasa nifike kwa Bi Shamsa.

Bi Shamsa alikuwa mjane, ana nyumba ya mawe na chokaa karibu na soko. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini mguu wake mwepesi. Alikuja mwenyewe mpaka mlango wa nyuma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mama yako anaendeleaje?"

"Hajambo kidogo, bibi, anakusalimu."

"Alhamdulillahi. Nataka nyumba yangu ipigwe picha. Mimi nisiwemo. Nyumba tu."

Nikamkaribisha mkekani, akanieleza. Mwanawe Idrisa alikuwa karani wa reli Tabora. Watu walimpelekea maneno kwamba nyumba ya mama yake imechoka. Akaandika barua: mama, nipelekee picha niione. Ikiwa nzima, nitakuacha ukae. Ikiwa imechoka, nakuja kukuchukua.

"Na wewe, bibi, unataka nini?"

"Nimeingia nyumba ile bibi harusi. Maiti ya mume wangu imetokea mlango ule ule. Tabora nikafanye nini mimi? Hata kisima chao sikijui kiko wapi."

Yote hayo nilimweleza Mwenye Studio, neno kwa neno. Sikumficha kitu. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akasema, "Basi lazima ipendeze."

Akaenda kuipiga saa sita mchana. Nilipokisafisha kioo na kutoa karatasi ya kwanza ya kujaribia, nyumba ilikuwa pale: ukuta mweupe, madirisha manne, mlango wa nakshi, na juu ya mlango ufa mwembamba kama unywele, uliokuwepo tangu mumewe yuko hai. Ilikuwa nyumba nzima ya mtu anayeishi ndani yake. Kazi ilikuwa imekwisha pale pale! Ningeifunga kwenye bahasha na kuipeleka posta, leo nisingekuwa na la kuandika.

Mwenye Studio akaitazama kwa masikitiko. "Huu ni ukuta tu," akasema. "Hauna roho." Akaichana ile karatasi ya majaribio, akanipa kioo. "Tia wingu. Choma ukuta upande wa kulia, uwe na kivuli. Na ule ufa, ukoleze uonekane."

"Bwana, mwenyewe anataka nyumba ionekane nzima."

"Ufa ni umri. Nyumba isiyo na umri ni ghala. Kijana akiiona nyumba ya baba yake imesimama hivi chini ya mbingu nzito, atalia."

Hapo alisema kweli, maana Idrisa alilia.

Nilikaa na wembe siku nzima. Nataka niwe mkweli kwenu, maana wazee wengi wakisimulia kazi zao makosa huwa ya mabosi tu. Mkono ulikuwa wangu. Nilianza kuukwangua ule unywele kwa kinyongo, kisha kazi ikaninogea. Nikaupa matawi. Nikaushusha mpaka kwenye pembe ya dirisha, ukapinda vizuri, mnene hapa, mwembamba pale. Nikachoma kivuli, nikaliweka wingu la Msata juu ya paa. Picha ilipotokea kwenye sinia ya dawa nilijisikia fahari. Mke wa Mwenye Studio alisema hajapata kuona kazi kama ile, na mimi nikacheka kwa furaha, mpumbavu mimi.

Bi Shamsa alikuja kuichukua, akaisogeza mpaka puani. "Kubwa, maashaallah. Mlango nauona. Mbona kumekuwa giza?"

"Mawingu tu, bibi," nikamwambia.

Akaridhika. Ikaenda Tabora.

Haukuisha mwezi Idrisa akaingia studio, vumbi la barabara ya Mapinga bado liko mabegani, macho mekundu kwa kulia, picha mkononi. Hakusalimu. "Mama yangu analala chini ya ukuta huu, nanyi mnampiga picha?"

Mwenye Studio akamweleza kwamba ule ni ufundi. Mimi nikatoka nyuma, nikajifunika vizuri, nikamwambia ufa ule nimeukwangua mwenyewe kwa wembe, wa kweli ni mwembamba kama unywele, aende akautazame.

"Nimetoka huko. Umepakwa chokaa juu."

"Nyumba hupakwa chokaa kila mwaka kabla ya Ramadhani, kaka Idrisa! Tangu wewe mdogo!"

Hakunisikia. Basi nikarudi ndani kwa hasira, nikakichukua kile kioo. Dawa iliyokwanguliwa hairudi, ila inaweza kuzibwa kwa penseli. Nikaziba tawi baada ya tawi mpaka ukabaki ule unywele wa mwanzo, nikatoa picha bila wingu wala kivuli. Asubuhi nikampelekea nyumbani kwa mama yake. Aliziweka zote mbili barazani, akaziinamia. Akaweka kidole juu ya ile ya kwangu mpya.

"Hii mmeitengeneza."

Na kweli nilikuwa nimeitengeneza! Ningesema nini? Lakini ukuta wenyewe ulikuwa mgongoni kwake, hatua tatu. Nilimwambia geuka. Aligeuka, akautazama, akarudi kwenye karatasi, akawa kama mtu anayesoma ukuta kwa kufuata picha. Nimeishi miaka mingi na sijaona kitu kilichonikera kuliko shingo ya Idrisa siku ile.

Bi Shamsa alikuwa amekaa kando ya mlango. Akaniita. "Mwanangu, niambie kweli. Nyumba yangu imepasuka?"

"Haijapasuka, bibi. Wallahi haijapasuka."

Akanyanyuka, akapitisha kiganja juu ya mlango, huku na huko, taratibu. "Mkono wangu haukuti kitu," akasema. "Lakini huyu ana macho, na mimi sina. Nitamwambia mwanangu anaona uongo?" Kisha akaniambia neno ambalo sikulitegemea: tangu Idrisa amsomee ile picha, usiku alikuwa hapati usingizi, alikuwa akisikiliza ukuta. Miaka yote ile hakuwahi kuusikiliza.

Wakaondoka siku ya tatu. Ile picha isiyo na wingu Idrisa aliiacha barazani. Nikaiokota.

Nyumba ya mawe na chokaa haitaki kuachwa peke yake. Masika ya kwanza bati moja liliinuka, hapakuwa na mtu wa kulipigilia. Maji yakaingia kichwani mwa ukuta, mche wa mkuyu ukaota mahali ambapo Bi Shamsa angeung'oa kwa mkono akienda sokoni. Masika ya pili ukuta wa mbele ukalala barabarani. Alhamdulillahi hapakuwa na mtu. Na watu wa Bagamoyo wakasema nini? Wakasema studio iliona mapema! Wakaja kuulizia ile picha ya wingu. Mwenye Studio akatoa nakala, akaitundika dirishani, watu wakajaa, wakaonyeshana kwa vidole ule ufa wangu: ona, pale pale. Haikuwa pale pale. Ukuta ulianza kubomoka kwenye ncha ya pili, kulikoingia maji. Nani alitaka kusikia?

Nilimwambia Mwenye Studio achague, picha ile au mimi. Aliitoa siku ile ile. Akaiweka mezani, akasema kwa sauti ndogo, "Nilitaka ipendeze." Nikarudi chumba cha giza. Nilijua anasema kweli, na ndiyo iliyonichosha zaidi.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, kwake na kwa mwanawe, vioo vikaisha, filamu zikaja. Niliendelea kuweka mawingu kwa anayeyataka. Ila mtu akija na kitu kinachotakiwa kuaminiwa, cheti, shamba, mgonjwa, nyumba, nilikuwa nakificha kioo chake mbali na wembe na kusema kimevunjika kidogo, hakifai kuguswa. Sasa nimestaafu. Wajukuu huniletea picha zao, mbingu nyeusi, macho yanawaka kama taa, samaki wa kawaida amekuwa jinamizi, na huniuliza kama ni nzuri. Nawauliza, kuna mtu atakayeiamini? Wananicheka.

Nimebakiza jambo moja. Baada ya ukuta kuanguka, mwaka ule ule, ilikuja barua kutoka Tabora, imeandikwa na mjukuu wa Bi Shamsa kwa maneno ya bibi yake. Idrisa alimpeleka kwa daktari wa macho, akatibiwa na kupewa miwani, sasa anaona, na anatamani kuiona nyumba yake. Je, ninayo picha? Nikampelekea ile niliyoiokota barazani. Juu ya ukuta kuanguka sikuandika neno. Nilijiambia atakuwa ameshaambiwa.

Jibu lilikuja upesi. Ninalo hapa, karatasi imeanza kuchanika kwenye mikunjo. "Mwanangu, salaam. Picha nimeiona kwa macho yangu. Hii ndiyo nyumba yangu. Kwa nini hukumpelekea hii tangu mwanzo? Nimemwambia Idrisa ndiyo yenyewe, amekubali nirudi. Tafadhali mwambie fundi anipakie chokaa ukuta wa mbele, inshaallah nakuja kufunga Ramadhani nyumbani."

Nilichukua karatasi nimjibu, na mpaka leo sijamjibu.